Magic, Jordan, LeBron, Giannis na Shaq kwenye timu moja: nani atoke?

SWALI: Kocha, shikamoo. Mimi na rafiki yangu tunashindana kupanga timu za magwiji wa NBA wa nyakati zote. Kila mtu anachagua watano, na mchezaji akishachukuliwa ndiyo basi. Mimi nina Magic Johnson, Michael Jordan, LeBron James, Giannis Antetokounmpo na Shaquille O'Neal. Mwenzangu ana Stephen Curry, Ray Allen, Kevin Durant, Dirk Nowitzki na Hakeem Olajuwon. Kijiweni karibu wote wanasema nitafungwa kwa sababu wachezaji wangu watabanana. Timu yenye pete nyingi za ubingwa hivi inafungwaje? Nimeruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja kabla ya kura. Nimtoe nani? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijiwe hakijakuonea. Nimehesabu pete: timu yako ina 20, ya mwenzako ina 11, na bado ningepiga kura leo ningempa yeye. Mtoe Giannis, umwingize Larry Bird. Ukifanya hivyo kura yangu inahamia kwako, ingawa si kwa tofauti kubwa. Nitakueleza kwa kirefu, maana najua kijiweni hawatakubali jina tupu lisilo na hoja.

Watu wakibishana kuhusu nafasi uwanjani huanza kuhesabu wadunguaji, yaani warushaji wa mbali: huyu ana asilimia ngapi ya pointi tatu, yule ana ngapi. Mimi huanza kwa mkabaji. Kwa kila mchezaji wako najiuliza, yule aliyepangiwa kumkaba anaweza kumwacha akaenda kusaidia kwingine bila kuadhibiwa? Nusu ya uwanja ni kama mita 14 kwa 15, na timu yako nzima inataka kumalizia kazi kwenye kieneo kidogo kilicho chini ya ringi. Kila mkabaji mwenye ruhusa ya kumtelekeza mtu wake ni mikono miwili zaidi inayomsubiri Shaq na LeBron pale ndani. Timu inaweza kumbeba mchezaji mmoja wa kutelekezwa. Wawili inawezekana, kama mmoja wao ndiye unayempelekea mpira ndani na mwingine anajua kupasia na kuweka skrini, yaani kumzibia njia mkabaji ili mwenzake apate nafasi. Wakifika watatu, umekwisha.

Tazama kilichompata Tony Allen wa Memphis mwaka 2015. Alikuwa mmoja wa wakabaji bora kabisa duniani, na katika raundi ya pili ya mchujo alikuwa amemsumbua sana Klay Thompson wa Golden State. Memphis wanaongoza michezo 2-1. Mchezo wa 4, Steve Kerr, kocha wa Golden State, akafanya jambo lililowaacha watu midomo wazi: akampa Andrew Bogut, senta wake mrefu na mzito, kazi ya kumkaba Allen. Kumkaba kwa jina tu, maana Bogut alisimama karibu na ringi akimwangalia Allen kwa mbali, mita nyingi zikiwa wazi kati yao. Zach Randolph na Marc Gasol, waliozoea kula chini ya ringi, wakakuta pameshajaa. Allen akapokea mpira peke yake, akarusha, akakosa. Akapokea tena, akakosa tena. Kocha wake akamkalisha benchi, na kwa kumkalisha akawa amempoteza mkabaji wake bora. Golden State wakashinda michezo mitatu mfululizo na kuwatoa. Ni kweli Allen alikuwa na jeraha la paja lililomweka nje mchezo wa 5, lakini dawa ilikuwa imeshapatikana kabla ya hapo.

Huyo ni mtu mmoja tu. Sasa ujaze timu nzima watu wa namna hiyo uone. Agosti 2004, Olimpiki ya Athens, Marekani walianza na Allen Iverson, Stephon Marbury, Richard Jefferson, Lamar Odom na Tim Duncan. Duncan alikuwa kwenye kilele chake. Puerto Rico wakarudi nyuma, wakakaba kwa zoni, yaani kila mlinzi analinda eneo badala ya mtu, wakamzungushia Duncan ukuta na kuwaambia wengine warushe. Marekani walirusha pointi tatu 24, wakafunga 3. Mstari wa pointi tatu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wakati ule ulikuwa mita 6.25, karibu mita nzima ndani ya ule wa NBA, na bado haikusaidia. Matokeo: 92-73. Carlos Arroyo akatembea uwanjani akiwaonyesha watu jina la nchi kwenye jezi yake. Marekani wakarudi nyumbani na shaba, na LeBron alikuwa benchi anayaona yote hayo. Mtu akikuambia kijiweni kwamba vipaji vikubwa vitajipanga vyenyewe, mtajie mchezo huo.

Turudi kwa watano wako. Kwenye takwimu usikubali mtu akutupie namba tupu, maana namba za pointi tatu zina historia yake. Mstari uliingia NBA msimu wa 1979-80, na kwa miaka mingi makocha waliuona kama mchezo wa sarakasi. Magic alimaliza maisha yake ya uwanjani na asilimia 30.3, namba ya kumtelekeza mtu. Lakini msimu wa 1989-90, alipochukua tuzo yake ya tatu ya MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, alifunga asilimia 38.4, na alirusha za kutosha hata huwezi kusema ni bahati. Huyo mkabaji wake hamwachi kirahisi.

Kwa Jordan kuna mtego wa upande wa pili, na rafiki yako akiujua atakunasa. Utavutiwa kumchukua Jordan wa 1995-96, yule wa Chicago ya ushindi 72, kwa sababu asilimia yake ya pointi tatu ni 42.7. Subiri kwanza. Kuanzia 1994 hadi 1997 NBA walisogeza mstari karibu na ringi hadi kama mita 6.7 kuzunguka pande zote. Uliporudishwa mahali pake kwenye mita 7.24, msimu wa 1997-98, Jordan huyohuyo alifunga asilimia 23.8. Kwa hiyo usimuuze kama mdunguaji. Muuze kwa kile alichokuwa nacho kweli: mkabaji hawezi kumwacha kwa sababu akipata mpira mita 5 au 6 kutoka ringi, na mkabaji amechelewa hatua moja, hizo ni pointi mbili. Anatanua uwanja kwa tishio hilo, ila hautanui hadi kwenye mstari.

LeBron mchukue wa 2012-13. Mwaka ule akiwa Miami alifunga asilimia 40.6 ya pointi tatu, akawa MVP na bingwa. Kwenye maisha yake yote yuko kwenye asilimia 35 hivi. Ni lazima mkubaliane mapema na mwenzako kwamba kila mchezaji anatajwa pamoja na msimu wake. Bila hivyo mtabishana hadi alfajiri, mmoja akimzungumzia LeBron kijana wa Cleveland na mwingine akimzungumzia wa Los Angeles.

Giannis hana msimu wa kukuokoa. Kwa jumla hafiki asilimia 30 ya pointi tatu, na walinzi wa NBA wameshazoea kumwachia mita mbili tatu za kurusha. Najua utaniambia alifunga pointi 50 kwenye mchezo wa 6 wa fainali ya 2021, tena akipiga mitupo huru 17 kati ya 19. Ni kweli, na ninampenda. Lakini angalia Milwaukee walivyompangia uwanja. Senta wao, Brook Lopez, aliyekuwa ametumia miaka yake ya mwanzo akicheza chini ya ringi kama masenta wa zamani, alihamishiwa nje ya mstari wa pointi tatu. Namba 5, yaani senta, akatoka nje ili namba 4, yaani Giannis, aingie ndani. Wewe unampa Giannis namba 5 ambaye maisha yake yote ya NBA alifunga pointi tatu moja tu, mwaka 1996, baada ya kurusha 22. Giannis na Shaq wanataka kusimama mahali pamoja kwa wakati mmoja. Pale chini patakuwa daladala la saa kumi na mbili jioni, na Olajuwon ndiye kondakta.

Basi kwa nini asitoke Shaq? Wengi wa kizazi chako wangemtoa, wakisema senta asiyerusha amepitwa na wakati. Mimi sikubali hata kidogo. Swali langu la mkabaji linajibiwa kwa namna mbili: mkabaji hawezi kumwacha mtu kwa sababu anarusha vizuri, au hawezi kumwacha kwa sababu akimwacha ringi itang'olewa. Shaq ni wa namna ya pili. Tena mkabaji mmoja hamtoshi, anahitaji wa pili, na huyo wa pili akija kuna mtu wako amebaki peke yake. Fainali ya 2001 Philadelphia walimpa Dikembe Mutombo kazi ya kumzuia, Mkongomani wetu wa Kinshasa, mita 2.18, mlinzi bora wa ligi mwaka uleule. Shaq alifunga wastani wa pointi 33 kwa mchezo na Lakers yake ikashinda 4-1. Mutombo alikaba vizuri kadiri binadamu anavyoweza. Kwa hiyo Shaq anatanua uwanja kwa njia yake mwenyewe, almradi aliye pembeni yake anajua kutumia nafasi aliyoachiwa. Udhaifu wake ni mitupo huru, asilimia 52.7, na mwenzako akiamua kumchezea faulo kwa makusudi dakika za mwisho utampumzisha kidogo. Hilo linavumilika.

Ukitaka kuona namna ya kumpangia senta mkubwa watu wanaomfaa, nenda kwenye fainali ya 1995, ambayo kwa bahati nzuri inawakutanisha Shaq wako na Olajuwon wa mwenzako. Houston ya Olajuwon waliingia mchujo wakiwa nafasi ya 6 upande wa Magharibi. Katikati ya msimu walikuwa wamemuuza Otis Thorpe, namba 4 wa kazi ngumu za chini ya ringi, wakamchukua Clyde Drexler. Watu waliona ni wazimu: nani atachukua ribaundi, ile mipira inayokoswa? Kwenye fainali kocha Rudy Tomjanovich akamtumia Robert Horry, mwembamba anayerusha kutoka mbali, kama namba 4. Horace Grant wa Orlando, timu ya Shaq wakati ule, aliyezoea kukaa ndani na kusaidia, akalazimika kumfuata Horry nje. Olajuwon akabaki peke yake na Shaq na uwanja mtupu wa kuchezea miguu yake.

Mchezo wa kwanza Orlando waliongoza kwa pointi 20. Kenny Smith akafunga pointi tatu mara 7, ya mwisho ikisawazisha sekunde za mwisho kabisa, baada ya Nick Anderson kukosa mitupo huru minne mfululizo ambayo hata mmoja ungetosha kumaliza kazi. Muda wa nyongeza Olajuwon akausukumia ndani mpira uliokoswa na Drexler, 120-118. Houston wakafagia 4-0. Olajuwon alikuwa na wastani wa pointi 32.8, Shaq 28. Ukiziangalia namba hizo mbili utaona kwamba Shaq hakushindwa na Olajuwon peke yake. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye waliosimama nje ya mstari, ambao nao mwaka ule walikuwa wakirushia kutoka kwenye ule mstari mfupi niliokutajia.

Na huyo Horry mfuatilie anakokwenda. Akahamia Lakers, akasimama pembeni ya Shaq. Mei 2002, mchezo wa 4 dhidi ya Sacramento, Lakers wako nyuma 99-97, Kobe Bryant anakosa, Shaq anaudaka mpira, anarusha tena, anakosa. Watu wote wa Sacramento wamejazana chini ya ringi. Vlade Divac anaupiga mpira utoke nje ya msongamano, na unamwendea Horry juu ya mstari, hakuna mtu karibu. Tatu. Baadaye akaenda San Antonio akasimama pembeni ya Duncan. Pete 7, na hayumo kwenye orodha ya magwiji iliyotolewa na NBA ilipotimiza miaka 75. Asilimia yake ya pointi tatu ilikuwa 34.1, ya kawaida tu. Lakini hakuna kocha aliyethubutu kumwambia mkabaji wake amwache Horry dakika ya mwisho.

Ndiyo maana nakuletea Bird, ambaye ni Horry aliyezidishwa mara kadhaa. Alishinda mashindano ya kurusha pointi tatu mara tatu mfululizo, 1986, 1987 na 1988, na ile ya mwisho hakuvua hata jaketi la mazoezi. Asilimia yake ya maisha ni 37.6, wakati ambapo hakuna aliyefundishwa kurusha mara 8 kwa mchezo. Zaidi ya hapo, Bird hahitaji mpira mkononi ili awe hatari, na kwenye timu yenye Magic, LeBron na Jordan hilo lina thamani kubwa. Mpira ni mmoja. Bird anaupokea, na kabla mkabaji hajageuka ameshautoa kwenda kwa Shaq au ameshaurusha. Kevin Garnett nilimfikiria pia, maana angemkaba Nowitzki vizuri kuliko Bird. Lakini Garnett hutua mita 5 au 6 kutoka ringi, na hapo tayari unaye Jordan.

Magic anabaki kwa sababu Curry ni lazima amkabe mtu. Curry ana mita 1.88, Magic ana mita 2.06. Wakimpangia Magic, ampeleke chini ya ringi mgongo ukiwa umegeuka, kama alivyowafanya Boston mwaka 1987. Wakimficha Curry kwa Bird ndiyo kabisa. Mpange Shaq upande wa pili ili asizibe njia, Bird na LeBron kwenye mstari, Jordan kwenye kona ya karibu tayari kukata kuelekea ringi. Curry atahitaji msaada, na hakuna anayeweza kuutoa bure.

Sasa nisikudanganye kuhusu ulinzi wako, maana hapo ndipo mwenzako atakubana na ana haki. Kutanua uwanja hakuishii kwenye kushambulia. Kunamvuta pia mkabaji wa mwenzako kutoka nyumbani kwake. Curry ataita skrini ya Olajuwon nje ya mstari, na Shaq hakuwahi kupenda kutoka kule. Akibaki ndani, Curry anarusha. Akitoka, Olajuwon anakimbilia ringi. Jordan atamkaba Curry, LeBron atamkaba Durant, na Bird atateseka na Nowitzki mwenye mita 2.13, sina ujanja wa kukupa hapo. Magic kumfukuza Ray Allen kwenye skrini tatu kwa mpigo ni adhabu. Dawa yako ni mbio. Pointi tatu iliyokoswa hutoa ribaundi ndefu, na ukiwa na Magic, LeBron na Jordan wanakimbia kabla walinzi hawajajipanga, habari ya nafasi haipo tena, uwanja wote uko wazi. Timu yako ya zamani ilikuwa na mbio hizo pia, lakini haikuwa na pa kukimbilia mbio zilipokatwa.

Limebaki jambo moja, na ungeanza nalo hata kabla ya kubadilisha mtu: sheria zipi? Hadi 2001 NBA walikataza zoni. Mkabaji hakuruhusiwa kumwacha mtu wake na kwenda kupiga kambi chini ya ringi. Ndiyo maana Chicago ya 1996 ilishinda michezo 72 ikiwa na Dennis Rodman na Ron Harper uwanjani pamoja, watu ambao leo wangeachiwa nusu uwanja. Kuanzia msimu wa 2001-02 zoni ikaruhusiwa, ila mkabaji asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 kwenye eneo la ndani. FIBA hawana hata hizo sekunde 3. Kwa sheria hizo, ambazo ndizo tunachezea huku kwetu, Olajuwon angeweka kiti pale.

Kwa hiyo mwulize mwenzako kwanza, bila kumwambia unataka kumtoa nani. Akisema mnacheza kwa sheria za leo au za FIBA, mtoe Giannis. Akisema za miaka ya 1990, zoni hairuhusiwi na mitupo huru ya Shaq ndiyo shida yako pekee ya maana, basi baki na hao watano ulionao na umwache Bird apumzike.